Biskuti za moyo kwa Februari ya Dar: siagi isigeuke samli

Mume wangu kazi yake iko Dodoma, mimi na watoto tuko Dar. Kila mwaka ikikaribia tarehe 14 Februari, Siku ya Wapendanao, namtumia kopo la biskuti za siagi zenye umbo la moyo, zile zinazotolewa kwa mashine ya mkono. Ni mwaka wa sita sasa. Na kila nikiweka picha kwenye simu, mashoga na wifi zangu wananirudia na maswali yaleyale: mbona zangu zimetandaa? Mbona zinagoma kushika kwenye trei, zinanyanyuka tena na mashine? Mbona rangi ya waridi imegeuka kahawia? Nimeona niandike mara moja, kila mtu asome kwa nafasi yake kabla siku yenyewe haijafika.

Kama hujaiona mashine yenyewe, ni bomba fupi la bati au plastiki. Mbele unafunga kisahani chenye matundu, nyuma kuna mkono wa kubana. Unajaza donge ndani, unasimamisha mashine juu ya trei, unabana mara moja, inatoka biskuti moja iliyokwisha kuwa na umbo: ua, nyota, moyo. Wajerumani huziita Spritzgebäck, kutoka neno lao spritzen, yaani kurusha kitu kitoke kwa nguvu kwenye tundu. Huko kwao, na kwa Waswidi na Wanorwe pia, ni biskuti za Krismasi. Hilo la Krismasi ukilielewa, umeelewa nusu ya matatizo yako. Krismasi yao ni baridi kali, na mapishi mengi tunayoyakuta mtandaoni yaliandikwa na watu ambao jikoni kwao kuna nyuzi 18 au 20. Wanaposema "acha siagi mezani saa moja ilainike", wanasema kweli kwa meza yao. Meza yangu mimi mwezi wa pili ina nyuzi 32.

Mwaka wa kwanza nilifuata maelekezo hayo neno kwa neno, saa nane mchana, madirisha yote wazi na hakuna upepo. Siagi nilipoigeukia ilikuwa inang'aa, na pembeni ya bakuli kulikuwa na utepe wa mafuta ya njano. Nikaendelea hivyohivyo kwa sababu basi lilikuwa la asubuhi yake. Trei ya kwanza ikatoka tanuri mioyo yote imeungana, huwezi kujua mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Nilikaa kwenye stuli nikalia. Nilikuwa nimeolewa miezi minane tu, na mwenzangu alikuwa amehamishwa wiki tatu nyuma.

Bahati nzuri ghorofa ya chini alikuwa anaishi bibi mmoja wa Kizanzibari, aliyekuwa akioka biskuti za Idi kwa nyumba nzima. Alipanda kunirudishia sahani yangu, na ndani yake ameweka vileja. Nikamwamkia, akaitikia, akachungulia bakuli langu. Akasema, "Mwanangu, hii si siagi tena. Hii samli."

Hakuna siku nimeoka biskuti hizi bila kulikumbuka neno hilo. Siagi ni mafuta, maji na chembe za maziwa vilivyoshikamana, mafuta yakiwa karibu asilimia 80. Ikiyeyuka, kila kimoja kinakwenda njia yake, na hata ukiirudisha kwenye friji ikaganda, haishikamani tena kama mwanzo. Ukiipiga na sukari haikamati kitu. Ukiweka unga, unga unakunywa mafuta. Ukiingiza kwenye oveni, biskuti inatiririka kabla unga haujapata muda wa kukaza, na ule mstari mzuri uliochorwa na kisahani unafutika. Ndiyo maana nasema usihangaike kubadilisha mapishi kila mwaka. Kwanza angalia siagi yako ina joto gani.

Bibi alinifundisha kupima kwa kidole. Bonyeza siagi kwa ncha ya kidole cha shahada. Kidole kinatakiwa kiingie bila kulazimisha, kiache shimo lenye kingo zilizosimama, na ukikitoa kisiwe na mng'aro wa mafuta. Shimo likipasuka kingo, bado ni ngumu. Kidole kikitoka kinameremeta, umechelewa, irudishe kwenye friji mara moja kabla haijafika kuyeyuka. Kwa Dar mwezi huu, siagi iliyotoka kwenye friji ukaikata vipande vidogovidogo inahitaji dakika 10 tu. Mara nyingine hata 10 hazifiki.

Kwa hiyo mimi naoka saa kumi na moja alfajiri, nyumba bado imepoa, watoto wamelala. Bakuli la kuchanganyia nalikalisha juu ya beseni lenye maji ya baridi na vipande viwili vitatu vya barafu. Oveni siiwashi mpaka donge liwe tayari, maana jiko letu ni dogo na oveni ikiwaka dakika 15 chumba kizima kinabadilika. Nachanganya kwa mwiko, mikono sigusi. Kiganja cha mtu ni moto kuliko tunavyodhani.

Ila usikimbilie upande wa pili ukaligandisha donge kwenye friji kama la biskuti za kukata. Donge gumu halipiti kwenye kisahani. Niliwahi kulazimisha hivyo, mkono wa mashine yangu ya plastiki ukakatika. Sasa natumia ya chuma, na donge nalitaka liwe laini kama udongo wa kufinyangia uliokwisha kukandwa vizuri.

Vipimo vyangu ni hivi. Siagi ya maziwa isiyo na chumvi gramu 250, sukari ya unga gramu 130, yai moja, vanila kijiko kimoja cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai, unga wa ngano gramu 300 hadi 330 uliochekechwa. Zinatoka biskuti kama 70 hivi. Naanza na unga gramu 300, najaribu kutoa biskuti moja, kama inalegea naongeza kidogokidogo. Kama huna mizani, nunua hata ile ndogo kabisa. Vikombe vya nyumbani vinatofautiana sana, na biskuti hizi hazisamehe unga uliozidi.

Siagi nasisitiza iwe ya maziwa. Majarini nyingi za kupaka mkate zina maji mengi zaidi, na maji hayo hugeuka mvuke, biskuti ikapoteza umbo na ladha pia. Ukilazimika kutumia majarini, soma pakiti, tafuta inayosema mafuta asilimia 80. Sukari nayo: ile ya kawaida ya dukani ina chembe kubwa, zinaziba matundu ya kisahani na zinafanya biskuti itandae. Isage kwenye blenda kavu mpaka iwe unga, kisha chekecha. Beking pauda usiweke. Najua mkono unavutwa kuiweka, lakini hapa hatutaki kitu kiumuke. Na siagi na sukari vipige mpaka vilainike tu, dakika mbili, usiendelee mpaka viwe vyeupe kama unavyofanya kwa keki. Hewa nyingi mle ndani nayo inatandaza.

Mimi naongeza iliki, robo kijiko cha chai, na matone machache ya maji ya mawaridi. Hayo hayamo kwenye mapishi ya Wajerumani, nimeyachukua kwenye vileja vya bibi yule. Iliki uitwange wewe mwenyewe na uichekeche kwa chujio la chai, kwa sababu ganda moja tu likikaa kwenye tundu, kila moyo utatoka na mkato katikati. Kwa biskuti za wapendanao hiyo picha siitaki.

Rangi ya waridi naitaka ile nzito ya kwenye kichupa kidogo, ncha ya kijiti cha meno inatosha. Ile ya majimaji inalegeza donge. Yai la kienyeji lina kiini cha njano iliyoiva sana, na ukilichanganya na rangi ya waridi unapata kitu kama chungwa lililopauka, kwa hiyo siku hiyo natumia yai la kisasa. Halafu usiache biskuti ikaanza kuwa kahawia: hiyo kahawia ndiyo inayoua waridi.

Sasa trei, maana hapa ndipo wengi mnaponipigia simu mkiwa mmekata tamaa. Usipake mafuta. Usiweke karatasi ya kuokea. Usitumie trei nyeusi zisizoshika chakula. Biskuti hii inatoka kwenye mashine kwa sababu chini yake imeng'ang'ania trei. Ikikosa pa kushika, inanyanyuka na mashine. Unataka trei ya aluminiamu tupu, safi, kavu na baridi. Naziweka trei zangu mbili kwenye friji la chini, wala si kwenye friza. Kwa unyevu wa hewa ya Dar, trei iliyotoka kwenye friza inatoa jasho ndani ya dakika, na donge linateleza juu ya matone. Hata ile ya friji naifuta kwa kitambaa kikavu kabla ya kuanza. Na trei iliyotoka motoni isirudie kazi mpaka ipoe kabisa. Ndiyo sababu ziko mbili.

Mashine isimamishe wima, iguse trei pande zote. Bana mara moja mpaka usikie kishindo kidogo mkononi, subiri kama unavyovuta pumzi moja, ndipo uinyanyue juu moja kwa moja. Usiizungushe. Biskuti mbili za mwanzo mara nyingi huwa mbovu kwa sababu ya hewa iliyobaki mbele ya donge. Zirudishe kwenye bakuli, hazijaharibika. Kuanzia ya tatu mkono unazoea, na utaona moyo unakaa pale umesimama, mistari yake imechongoka, ncha yake ya chini imekaa sawa. Nikifika hapo huwa sitaki kuongea na mtu.

Ukitaka kunyunyiza sukari ya rangi, nyunyiza kabla ya kuoka. Oveni nyuzi 180, trei katikati, dakika 9 hadi 11. Oveni ndogo za mezani nyaya zake ziko karibu sana na chakula, punguza iwe 170 na usiondoke. Ziko tayari ukingo wa chini ukianza tu kupata rangi, na katikati bado pamepauka. Ukiigusa itaonekana laini, usiogope, inakaza ikipoa. Iache kwenye trei dakika mbili tatu ndipo uitoe kwa kisu chembamba.

Kwa wale mtakaokula nyumbani jioni hiyo hiyo, nusu moja ya moyo ichovyeni kwenye chokoleti iliyoyeyushwa, mpendeze. Za safari sipaki chokoleti. Kwenye buti la basi mchana itayeyuka, na kopo likifunguliwa ni tope. Jemu katikati nayo inalegeza biskuti baada ya siku moja.

Kufungasha kulinichukua miaka miwili kukuelewa. Kwanza zipoe saa nzima, kwa sababu zikifunikwa na uvuguvugu hata kidogo, mvuke wake wenyewe unazilainisha. Hewa ya Dar yenyewe inalainisha biskuti iliyoachwa wazi usiku mmoja tu. Zikikulegelea hivyo, zirudishe oveni nyuzi 150 kwa dakika 5, zitakauka tena. Natumia lile kopo la bluu la biskuti za Kidenmaki ambalo kila nyumba linalo na ndani kuna sindano na nyuzi. La kwangu lilikuwa la mama. Mioyo huvunjika kwenye ncha, kwa hiyo silazi moja juu ya nyingine. Nazisimamisha kwa ubavu, zimebanana kama vitabu, kila safu imetengwa na karatasi, na pakibaki nafasi najaza karatasi iliyokunjwa mpaka nikitikisa kopo sisikii kitu. Kisha kopo ndani ya boksi lenye magazeti yaliyofinyangwa, na basi liwe la alfajiri. Mwaka mmoja mzigo ulilala ofisini na kufika kesho yake jioni. Biskuti nane ndizo zilizovunjika, nyingine zilikuwa nzima.

Mwaka 2024 tarehe 14 Februari iliangukia Jumatano ya Majivu, na sisi ni Wakatoliki, siku hiyo ni ya kufunga. Nikaoka Jumapili usiku, nikatuma Jumatatu. Alizila Jumanne, akanipigia simu huku anatafuna, akasema, "Mke wangu, bado zinalia." Alimaanisha ule mlio wa biskuti kavu ikikatika. Dodoma hewa yake ni kavu kuliko yetu, kwa hiyo anapolifungua kopo zinamkalia vizuri hata wiki mbili, akiweza kuzibakiza.

Kopo huwa analirudisha mwezi wa tatu na dereva wa basi lilelile. Halijawahi kurudi tupu. Mara nyingi limejaa karanga, na chini kabisa, chini ya karanga, kuna karatasi iliyokunjwa mara nne ambayo watoto hawaruhusiwi kuisoma.