Vidonda vya mdomoni baada ya kutolewa uvimbe kifuani

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu, miaka 52, mwaka jana alitolewa uvimbe wa tezi ya thaimasi kifuani. Ulianza kujulikana kope zilipomlegea hata akashindwa kusoma. Sasa midomo imechubuka, hata uji wa vuguvugu unamliza, na mikononi ana vipele bapa, vyeusi vya kuelekea zambarau, vinawasha usiku kucha. Ameandikiwa dawa ya fangasi mara tatu bila nafuu. Je, ni ule uvimbe?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe mama pole sana.

Inawezekana kabisa. Ni nadra, ndiyo maana wengi wetu hatulifikirii. Thaimasi iko nyuma ya mfupa wa kidari. Humo chembe za kinga aina ya T hufundishwa kutoshambulia mwili wenyewe, na zisizofundishika huuawa humo humo. Ndani ya uvimbe mafunzo hayo huharibika. Kinga ikigeukia misuli, kope hulegea. Ikigeukia ngozi, huwa kama unavyosimulia. Chembe zilizokwisha kutoka hazirudi kwa kuondoa uvimbe, hivyo ngozi huweza kuugua hata baada ya upasuaji.

Nashuku laikeni planasi, yaani ugonjwa wa vipele bapa vinavyowasha, au ile pemfigasi inayofuatana na uvimbe, yaani ugonjwa wa kinga unaochubua ngozi, ambayo mara nyingi huanzia mdomoni. Kwa macho tu siwezi kuzitenganisha. Ili kuzitofautisha, daktari hukata vipande viwili vya ngozi, kila kimoja kama punje ya mchele. Cha kwanza hutiwa fomalini, dawa ya kuhifadhia nyama ya mwili isioze. Cha pili, cha kupimwa kingamwili (protini za kinga), kisiiguse fomalini kabisa. Kikae kwenye maji ya dripu ya chumvi na kifike maabara haraka. Nimewahi kuletewa vyote viwili ndani ya fomalini, nikalazimika kumkata mgonjwa upya huku analia. Bado inaniuma. Mwulize daktari kabla hajakata.

Fangasi nayo isipuuzwe: wapo wenye uvimbe huu wanaopungukiwa kingamwili, hali iliyoelezwa na daktari Mmarekani Robert Good mwaka 1954. Apimwe damu pia.

Mama abebe barua ya upasuaji kila aendako. Aseme kope ziliwahi kulegea kabla hajaandikiwa antibiotiki kama jentamaisini au siprofloksasini, maana huzidisha udhaifu wa misuli. Na akianza kikohozi kisichokoma au kubanwa pumzi, msingoje siku ya kliniki. Pemfigasi hiyo hufika mapafuni. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.