Kutoka JKIA na mzigo mzito: hesabu mara utakazouinua kabla ya kuuliza nauli

Dada uliyeuliza: unatua JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, saa nne usiku ukitoka Doha, una masanduku mawili ya kilo 23, boksi la cherehani na begi la mkononi, na mwisho wa safari ni Kakamega, magharibi mwa Kenya. Mmoja amekushauri upande basi namba 34 hadi mjini kisha udandie basi la usiku. Mwingine kasema ukodi gari moja kwa moja hadi nyumbani. Kwa maoni yangu ushauri wote huo haukufai. Nitaeleza sababu, kisha niongeze kidogo kwa wanaoelekea kwingine, maana swali hili huulizwa na wengi.

Mwenye kilo 60 na ushei hapangi safari kwa nauli peke yake. Anahesabu mara ambazo mzigo utainuliwa kutoka ardhini. Kila kushusha na kupakia kuna mtu wa kulipwa, kuna dakika zinazopotea, na kuna wakati vipande vinne vimetawanyika na macho ni mawili. Ipitie njia ya 34 kwa hesabu hiyo: toroli hadi basi, basi hadi kando ya barabara mjini, hapo hadi ndani ya teksi, teksi hadi ofisi ya mabasi, ofisi hadi kwenye buti, buti hadi steji ya Kakamega, steji hadi gari la nyumbani. Mara saba, na kadhaa kati ya hizo ni usiku katikati ya mji. Halafu 34 ni gari la abiria wa jiji. Sanduku kubwa litaishia kwenye njia kati ya viti, au kondakta atakulipisha kiti cha pili. Mwenye begi la mgongoni saa nne asubuhi, huo ni usafiri mzuri na wa bei nafuu. Kwako, hapana.

Suala la pili ni saa. Saa nne ni wakati wa magurudumu kugusa lami. Uhamiaji, kusubiri masanduku kwenye mkanda na kupita forodha huchukua saa moja hadi moja na nusu, na ndege mbili kubwa zikitua pamoja ni zaidi ya hapo. Kwa hiyo hesabu saa tano na nusu ndipo unatoka mlangoni. Mabasi mengi ya magharibi yanayosafiri usiku yatakuwa yameshaondoka au yanafunga milango. Kukata tiketi ya basi la usiku kwa matumaini kwamba ndege haitachelewa ni kuhatarisha nauli bure, tena ukikosa basi unabaki River Road, mtaa wa mabasi katikati ya Nairobi, usiku wa manane na masanduku.

Hapo kwenye mkanda usiwe na haraka. Linganisha namba ya kibandiko cha sanduku na kile kipande ulichobandikiwa kwenye pasi ya kupandia ndege, kwa sababu masanduku meusi yanafanana na mtu mwingine anaweza kuondoka na lako. Funga kitambaa cha rangi kali kwenye mkono wa kila sanduku kabla ya kusafiri, na ulipige picha. Likikosekana au likiwa limevunjika, ripoti kwenye dawati la mizigo kabla ya kutoka ukumbini, upewe fomu yenye namba ya kumbukumbu. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, malalamiko ya mzigo ulioharibika huandikwa ndani ya siku 7 tangu kuupokea, na ya uliochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Kwenye fomu andika anwani na simu ya Kakamega, si ya binamu anayeishi Nairobi, la sivyo sanduku litaletwa Nairobi na wewe ndiye utakayelisafirisha tena.

Forodha huangalia zaidi vitu vipya vya aina moja vilivyo vingi: simu tano ndani ya maboksi yake, mikoba kumi yenye lebo. Cherehani moja ieleze jinsi ilivyo, na risiti iwe mkononi, isiwe chini ya nguo ndani ya sanduku. Droni bila kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Kenya, usibebe. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hiyo ule mfuko wa dukani Doha uache kwenye ndege na vitu vyako uvitie kwenye kikapu au mfuko wa kitambaa.

Kabla ya kusukuma toroli nje, pata laini ya simu ukiwa bado ukumbini, isajiliwe kwa pasipoti yako, na uweke pesa kwenye M-Pesa. Nje, karibu kila malipo hufanywa kwa simu, kuanzia maegesho hadi teksi. Toroli ni za bure. Anayekuja mbio kukusaidia kusukuma atataka kulipwa, basi mwambie bei kabla hajaigusa au umshukuru uendelee.

Kinachowakwamisha wengi ni gari lenyewe. Watu huita teksi kwa Uber, Bolt au Little wakiangalia bei ya chini tu, kisha inakuja Suzuki Alto. Sanduku kubwa linaloruhusiwa na mashirika mengi huwa na jumla ya sentimita 158 ukijumlisha urefu, upana na kimo, yaani kama 76 kwa 50 kwa 32. Kwenye buti ya Alto haliingii. Vitz, Passo na Demio huingiza moja ukitoa kile kibao cha kufunikia buti, na la pili linapanda kiti cha nyuma, likichafua kitambaa na kumkasirisha mwenye gari. Dereva akiona hivyo hughairi safari na wewe unaanza upya, toroli mbele yako. Chagua daraja la juu hatua moja, au tafuta Fielder au Probox. Hizi ukikunja sehemu moja ya kiti cha nyuma, masanduku mawili yanalala, boksi linakaa juu yake, na bado kuna nafasi ya abiria wawili. Familia ya watu saba isidanganywe na Toyota Noah: viti vyote vikijaa watu, nyuma inabaki nafasi ya mabegi madogo. Kwa watu saba na masanduku saba, kodi HiAce, au chukueni magari mawili.

Dereva akikubali safari, mwandikie papo hapo: "Nina masanduku mawili makubwa na boksi. Buti iko wazi?" Baadhi ya magari yana mtungi wa gesi au spika nyuma, na hilo programu haikuonyeshi. Muulize pia nani analipa maegesho na nani analipa ada ya barabara ya juu. Mkikubaliana kwenye ujumbe hakuna kubishana mbele ya geti. Mwambie namba ya terminali uliyotokea, kwa sababu JKIA ina milango ya kutokea zaidi ya mmoja, na dereva aliyesimama 1A hawezi kukuona ukiwa 1E.

Barabara ya juu, Nairobi Expressway, ina kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, na ilifunguliwa 2022. Unalipa kulingana na unapotokea. Bodaboda na tuktuk haziruhusiwi. Saa tano usiku usiilipie, Mombasa Road ya chini huwa wazi. Ilipie asubuhi kati ya saa kumi na mbili na saa tatu ukielekea mjini, au mvua ikinyesha, kwa sababu Mombasa Road iliyofurika inaweza kula saa nzima. Hata hivyo, asubuhi hiyo hiyo foleni hujitokeza kwenye kibanda cha malipo cha kutokea Haile Selassie, kwani magari yanashuka na kukuta barabara za mji zimejaa tayari. Dereva akipitiliza njia ya kutokea hana pa kugeuza juu pale, anaendelea hadi ya mbele na ada inapanda.

Sasa wewe dada. Lala karibu na uwanja. Ndani ya eneo la uwanja kuna hoteli za bei ya juu. Embakasi, Syokimau na kando ya Mombasa Road kuna nyumba za wageni za kawaida. Unapoweka nafasi uliza mambo mawili: mapokezi yako wazi saa sita usiku? Chumba kiko ghorofa ya ngapi, na kuna lifti? Ghorofa ya nne bila lifti ni kuinua mara mbili zaidi, usiku na asubuhi.

Asubuhi una njia mbili za maana. Ya kwanza ni ndege ya mapema hadi Kisumu, safari isiyofika saa moja, kisha gari la kukodi kama kilomita 50 hadi Kakamega. Mara za kuinua ni chache na unafika kabla ya jua la mchana. Tatizo ni kilo. Kama Doha–Nairobi–Kisumu ni tiketi moja, kiwango chako cha masanduku mawili huendelea hadi Kisumu, ingawa mara nyingi utayachukua mwenyewe Nairobi kwa ajili ya forodha na kuyakabidhi tena. Ukikata tiketi ya Kisumu peke yake, kiwango ni cha shirika hilo, mara nyingi sanduku moja au hata hakuna kabisa kwenye nauli ya chini, na ziada hutozwa kwa kilo. Nunua uzito wa ziada mtandaoni siku kadhaa kabla. Kaunta hutoza zaidi. Kipande kimoja kisizidi kilo 32, kwa sababu zaidi ya hapo mashirika hayakipokei kama mzigo wa abiria, kinapelekwa kargo.

Njia ya pili ndiyo ninayoipendelea kwako kama tiketi zimetengana: tuma sanduku moja na cherehani kama paseli kwa kampuni ya basi yenye ofisi Kakamega, wewe usafiri na sanduku lililobaki. Ofisi kadhaa za mabasi ya magharibi ziko upande wa Railways, karibu kabisa na pale Haile Selassie, kwa hiyo teksi inakushusha mlangoni pa ofisi. Cherehani ifunge upya: tenganisha kichwa na kanyagio, jaza nguo kuukuu kuzunguka kichwa kisicheze, funga boksi kwa utepe pande zote, kisha kamba. Andika jina na simu ya mpokeaji kwa kalamu nzito juu ya boksi lenyewe, kwa sababu karatasi iliyobandikwa hubanduka ndani ya buti. Taja thamani halisi ya vitu ili iandikwe kwenye risiti. Kikipotea, fidia huangalia kilichoandikwa. Mpokeaji aende na kitambulisho na ile namba ya risiti. Dhahabu, pesa, vyeti na kompyuta visitumwe kamwe, hivyo vinakaa kwenye begi la mkononi.

Kukodi gari Nairobi hadi Kakamega ni zaidi ya kilomita 350, na usiku maana yake ni dereva mchovu kwenye malori ya Nakuru na Eldoret. Watu watano wakichangia, na mwendo uanze alfajiri, ni sawa. Mtu mmoja, sioni haja.

Kwa wengine, jambo kuu ni kutoingia mjini bila sababu. Unayeenda Machakos, Kitui, Makueni au Kitengela uko tayari upande wako. Teksi ikufikishe Mlolongo au Athi River ukapande huko. Wa Thika, Murang'a na Nyeri wapite Eastern Bypass wakatokee Ruiru. Wa Naivasha na Nakuru wapite Southern Bypass hadi Gitaru. Ila kuna tahadhari: matatu inayopita njiani huwa imejaza buti mjini, na masanduku mawili hayatapata nafasi hata kama kuna kiti. Pigia sako (chama kinachoendesha matatu za njia hiyo) simu kabla, au kama huna namba yao kubali kwenda mjini kupakia mwanzo wa safari. Matatu zenye keria huweka sanduku juu; angalia limefungwa kwa kamba mbili na kufunikwa turubai, hasa Aprili na Novemba.

Wa Mombasa kwa SGR, treni ya reli mpya: kituo kiko Syokimau, karibu na uwanja. Treni huondoka saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri na saa nne usiku. Nauli tangu Januari 2024 ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza hadi Mombasa; tiketi hukatwa kwa *639# na M-Pesa. Fika saa moja na nusu kabla, kwa sababu masanduku hupangwa chini kwa mstari ili mbwa wanuse, kisha hupita mashine, na hapo unayainua mwenyewe. Mahali pa juu ya viti panatosha begi la kati. Sanduku la kilo 23 wahi kulipeleka mwisho wa behewa kabla pale hapajajaa. Mombasa unashukia Miritini, nje ya mji, na wa Diani siku hizi hupita Dongo Kundu bila kungoja feri ya Likoni.

Wanaopandia ndege Wilson, uwanja mwingine wa Nairobi, kwenda Maasai Mara na viwanja vidogo: ndege hizo ndogo huruhusu kilo 15 tu kwa jumla, kwenye begi laini lisilo na magurudumu wala fremu ngumu, kwa sababu shimo la mizigo ni dogo na sanduku gumu halikunjiki. Liache kubwa kwenye hoteli yako ya Nairobi, na ukubaliane nao kwa maandishi siku utakayolichukua.