Kisu ndicho rahisi: kwa wanaoanza utafiti wa upasuaji na usingizi wa wanyama

Wanafunzi wengi wa uzamili wanaoingia kwenye utafiti wa upasuaji wa mifugo huja na hofu ya mikono yao. Wanauliza mshono upi, uzi wa namna gani, wachane wapi. Hayo utayajua tu. Kumhasi beberu, kurudisha ngiri ya kitovu cha ndama, kulifungua tumbo la ng'ombe na kutoa mifuko ya plastiki aliyookota jalalani: mikono huzoea. Kinachowakwamisha watu hadi tasnifu ikarudishwa mara tatu ni yale yanayotokea kabla hawajashika kisu na baada ya kukiweka chini. Na data yako nyingi iko huko.

Nitazungumza zaidi juu ya mbuzi, maana kwetu huku ndiye mnyama wa utafiti wa mwenye mfuko mwepesi. Bei yake inavumilika, mtu mmoja anaweza kumbeba, na hakuna anayekuuliza umempata wapi.

Mpime kwa mizani, tena asubuhi ya siku yenyewe. Usiniambie "ana kama kilo ishirini hivi". Zailazini, dawa ya kutuliza ambayo utaikuta karibu kila mahali, haina huruma kwa wanyama wanaocheua. Farasi hupewa kwenye mshipa kama miligramu 1.1 kwa kila kilo ya uzito, mbuzi 0.05 zinamtosha. Sasa piga hesabu ya mbuzi wa kilo 20: anahitaji miligramu 1. Chupa ya asilimia 2 ina miligramu 20 ndani ya mililita moja, kwa hiyo unachotafuta ni mililita 0.05, yaani tone. Lakini dawa hiyohiyo huuzwa pia katika chupa za asilimia 10. Ukivuta tone lilelile kutoka chupa hiyo, umempa mara tano, na mbuzi hataweza kukwambia. Kwa hiyo izimue kwa maji ya chumvi ya dripu, sehemu moja ya dawa ya asilimia 2 kwa sehemu tisa za maji, upate miligramu 2 kwa mililita. Hapo mbuzi wako anahitaji nusu mililita, kiasi ambacho bomba dogo la sindano linapima bila kubahatisha. Andika jina na nguvu ya dawa kwenye bomba lenyewe kabla hujaliweka mezani. Bomba lisilo na maandishi mimi nalimwaga, hata kama aliyelijaza amesimama hapo anaapa. Na ukiwa na kondoo, uwe mwangalifu maradufu, kwa kuwa dawa hii inaweza kuyajaza mapafu yao maji.

Ganzi nayo ina mtego wake. Mwanambuzi wa kilo 4 anayetolewa vichipukizi vya pembe ana neva mbili za kuzimwa kila upande wa kichwa, jumla sehemu nne. Ukishika kikomo cha miligramu 5 kwa kilo, lignokeini (dawa yenyewe ya ganzi) yake yote ni miligramu 20, yaani mililita moja tu ya dawa ya asilimia 2. Igawe mara nne uone inavyobaki. Hapo pia dawa ni ya kuzimuliwa, maana anayechoma kwa mazoea ya ndama atamwona mwanambuzi anatetemeka, kisha anapigwa na degedege mezani.

Tuje kwenye tabia. Wengi huidharau sehemu hii, kisha wanakuja kuomba msaada wa takwimu ambao takwimu haziwezi kuutoa.

Mbuzi ni mnyama wa kundi. Mtoe zizini, mweke peke yake kwenye chumba chenye sakafu ya saruji na harufu ya dawa ya kuulia vijidudu, uone. Atalia, atazunguka, atakojoakojoa, ataacha kula, atasimama akikodolea mlango. Kesho yake, baada ya upasuaji, mambo hayohayo utayajaza kwenye fomu kama dalili za maumivu. Utakuwa umepima upweke. Walete wanyama mapema, siku za kutosha wale na wacheue kama kawaida, na waache wawiliwawili au watatuwatatu mahali wanapoonana. Anayewalisha awe mtu mmoja. Kisha warekodi video kabla ya kuwagusa, saa zilezile ambazo utawarekodi baada ya upasuaji, kwa sababu mbuzi wa saa nne asubuhi na mbuzi yuleyule wa saa tisa alasiri, akiwa amelala anacheua, ni wawili tofauti kabisa. Bila picha ya mnyama akiwa mzima, alama utakazompa akiwa mgonjwa hazina cha kulinganishwa nacho.

Punda ana somo lake mwenyewe, nami nitaligusa tu. Atakayefanya kazi Lamu, ambako punda ndiye gari, ajue kwamba mnyama huyu huficha maumivu kuliko farasi: hujikunja kimya, kichwa chini, watu wakasema ametulia. Punda pia huwa na mwenzake. Ukimtenganisha naye anaweza kugoma kula, na punda aliyegoma kula, hasa mnene, mafuta hupanda kwenye damu kiasi cha kumuua wakati kidonda chake kinapona vizuri kabisa. Mlete na mwenzake hadi mlangoni. Vilevile usikopi ratiba ya farasi ya ketamini, dawa ya kulaza, kwani mwili wa punda huimaliza haraka zaidi, na unaweza kumwona anaanza kunyanyuka nawe bado una nyuzi mkononi.

Ketamini yenyewe huwachanganya wageni wote. Mnyama aliyelala kwa ketamini hulala macho wazi. Anapepesa ukigusa kope, anameza mate, pengine ulimi unachezacheza. Mgeni huona hivyo akasema hajalala, akaongeza. Ukitumia ketamini, kope si kipimo chako. Tazama anavyopumua, shika mapigo ya moyo, angalia rangi ya ufizi, bana ngozi katikati ya kwato uone kama anavuta mguu. Na usimwache kwenye ketamini pekee, misuli hukakamaa, na maumivu ya viungo vya ndani ya tumbo haiyazimi vizuri. Jozi yake ya kawaida ni zailazini au diazepamu, pamoja na ganzi mahali pa kukata.

Kuhusu kufunga kula: mbuzi mkubwa afungishwe kwa muda wa saa 12 hadi 24, na si mwanambuzi anayenyonya, huyo ataishiwa sukari. Hata aliyefunga bado ana debe la majani tumboni linaloendelea kutoa gesi, na akilala ubavu hawezi kuicheua. Mate nayo hayakatiki. Kunja gunia, liweke chini ya shingo ili koo liinuke na mdomo uelekee chini, mate na chochote kitakachopanda kimwagikie nje. Anayepaliwa na majimaji ya tumbo leo, utamzika keshokutwa kwa nimonia, na kwenye jedwali lako atahesabika kama kifo cha upasuaji. Wako watakaokushauri atropini ya kukausha mate. Kwa wanyama wanaocheua huyafanya mazito tu na kulilaza tumbo. Mpira wa kupitishia hewa kwenye koromeo, wenye kipulizo cha kuzuia mate yasiingie mapafuni, ni bora kuliko ushauri wote huo, kama mnao.

Sasa kuzinduka. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Uingereza kati ya 2002 na 2004, ukihusisha mbwa zaidi ya 98,000 na paka zaidi ya 79,000, ulionyesha kwamba katika mbwa waliokufa kwa sababu zinazohusiana na nusukaputi karibu nusu walikufa baada ya upasuaji kwisha, na kwa paka ni sita katika kila kumi. Wengi wao walikufa ndani ya saa 3 za kwanza. Kwa farasi hali ni ngumu zaidi: hata ukiwaondoa wenye msokoto wa tumbo, karibu mmoja katika kila mia hufa, na miongoni mwao wamo wanaojivunja mifupa wakipambana kusimama. Sasa nenda kwenye kliniki yoyote ya mafunzo uangalie saa hizo tatu nani yupo. Daktari mkuu amevua glavu, wanafunzi wamekwenda kula, vyombo vinaoshwa, na mnyama yuko pembeni na mtu anayechezea simu.

Kwenye andiko lako la utafiti andika jina la mtu wa kubaki. Jina, siyo "mtafiti msaidizi". Kazi yake ni kumweka mbuzi kifua chini, amemwegemeza na robota la nyasi kila upande ili gesi itoke, kumfunika, kupima joto na upumuaji kila baada ya dakika chache, na kuandika saa aliyoinua kichwa, saa aliyokaa kwa kifua mwenyewe, saa aliyosimama bila kuyumba. Utapata data safi kabisa hapo, na haina gharama yoyote.

Baada ya hapo unaanza kupima maumivu, na humo ndimo nimeona tasnifu nyingi zikizama. Vipimo vya kusoma uso wa mnyama vipo: vya panya vilitoka Kanada mwaka 2010, vya farasi vikaja 2014, vya kondoo 2016, vya paka 2019. Wabrazili wa Botucatu wana mizani yao ya tabia nzima ya mnyama, na mbwa wana ile ya Glasgow. Kabla ya kuchukua kimojawapo, uliza kimejaribiwa kwa mnyama gani, mwenye uso wa namna gani. Kipimo kinachotegemea mkao wa masikio hakisomeki kwa namna moja kwa mbuzi wa Boer, ambaye masikio yake yananing'inia hata akiwa na raha zake, na kwa mbuzi wetu wadogo wa kienyeji.

Tatizo kubwa zaidi ni dawa uliyompa. Mbuzi wa saa moja baada ya zailazini amelala, hajali, hageuki. Ukimpa alama sifuri ya maumivu, umesoma zailazini. Dawa hiyohiyo humfanya akojoe sana, na kibofu kikijaa atahangaika, atasimama na kulala, atautazama ubavu wake. Mpe alama nyingi na umekosea tena, mara hii kwa upande wa pili. Ndiyo maana napendelea fomu mbili, moja ya usingizi na moja ya maumivu, zijazwe pamoja tangu mwanzo, na kundi la wanyama waliopewa dawa za kulaza bila kukatwa, kama kamati ya maadili itakubali. Anayetoa alama asijue mnyama yupi amepewa nini. Mpe video zilizochanganywa, za kabla na za baada, bila tarehe.

Kundi la kulinganisha lisiwe la wanyama waliokatwa wakaachwa bila dawa ya maumivu. Hoja ya "lazima tuwe na kundi lisilotibiwa" bado inaletwa kwenye kamati, na bado naikataa. Linganisha dawa mpya na ile inayotumika, meloksikamu kwa mfano. Andika pia mapema alama ambayo mnyama akiifikia atapewa dawa ya ziada papo hapo. Kwenye ile fomu fupi ya Glasgow ya mbwa ni 6 kati ya 24, au 5 kati ya 20 kwa mbwa asiyeweza kutembea. Idadi ya wanyama waliohitaji dawa ya ziada, na saa waliyoihitaji, mara nyingi ndiyo inayotoa jibu safi kuliko alama zote.

Jambo la hesabu, kwa ufupi. Mbuzi 6 waliopimwa mara kumi ni mbuzi 6. Siyo 60. Nenda kwa mtu wa takwimu kabla hujanunua mnyama hata mmoja, siyo ukiwa na jedwali limejaa.

Na mzee anayewachunga, yule asiyetajwa kwenye ukurasa wa shukrani, mkalishe chini umuulize kila asubuhi: leo yupi hayuko sawa? Muulize kabla hujafungua fomu zako, na uandike jibu lake kwa maneno yake. Atakwambia "yule mweupe hasukumani na wenzake kwenye pumba", na jioni yake ndipo joto litapanda.

Limebaki la nyama, ambalo maandiko mengi hulisahau hadi siku ya mwisho. Utafiti ukiisha utakuwa na mbuzi wazima waliopona, na watu wengi watakaojitolea kukusaidia kuwapunguza. Wanyama hao wamepewa dawa, na kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla nyama au maziwa hayajaliwa. Kwa dawa nyingi tunazotumia kwa mbuzi, lebo haina siku zilizoandikwa kwa ajili yake, kwa hiyo unalazimika kusubiri kwa muda mrefu zaidi. Weka kwenye andiko tangu mwanzo wataenda wapi, lini, na nani ataweka saini. Weka pia fedha ya malisho ya kipindi hicho cha kusubiri kwenye bajeti, kwa sababu mfadhili hataiongeza baadaye.