Maswali yenu: Usambara na mvua yake

Wiki hii nimechagua maswali matano, yote ya Milima ya Usambara.

Nimehamia Mombo kutoka Amani. Kule mvua haikatiki, huku vumbi tupu, na kote ni Usambara. Kwa nini?

Kwa sababu Amani inaitazama bahari, Mombo iko mgongoni mwa mlima. Upepo wa kusi hufika pwani ya Tanga umebeba unyevu wa Bahari ya Hindi. Kilomita kama 50 kutoka ufukweni unakutana na Usambara Mashariki, inayoinuka ghafla kutoka nyanda za Muheza hadi zaidi ya mita 1,000. Hewa haina njia ila kupanda. Ikipanda inapoa, na mvuke wake unageuka ukungu, kisha mvua. Ndiyo maana Amani, iliyo mita 900 hivi, hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na hata masika na vuli vikipita bado huna siku nyingi za kuanika mahindi.

Hewa hiyo huvuka bonde la Lwengera, ikapanda tena Usambara Magharibi na kumwaga kilichobaki. Inapoteremkia Mombo na Mkomazi haina tena cha kutoa. Isitoshe, hewa kavu inayoshuka huongezeka joto takriban digrii 1 kwa kila mita 100, kwa hiyo wewe unaipokea ikiwa kavu na ya moto. Angalia mashamba tu: chai iko juu, katani iko chini. Usilime Mombo kwa kalenda ya Amani. Waulize majirani kwanza, maana wao wamekwisha kuunguliwa na jua hilo.

Usambara ni volkano iliyozimika kama Kilimanjaro?

Hapana. Nimelijibu hili mara nyingi mno, na bado linakuja kana kwamba kila mlima lazima uwe umetapika moto. Usambara ni miamba ya kale sana iliyoinuliwa kwa mipasuko ya ardhi, ndugu wa Taita, Pare, Uluguru na Udzungwa, yaani Milima ya Tao la Mashariki. Kilimanjaro ni mtoto mbele yake. Tofauti hii si ya mtihani tu: udongo wa Usambara ni mkongwe, umeoshwa na mvua kwa muda mrefu, na rutuba yake nyingi iko kwenye majani yanayooza juu juu. Ukiiondoa tabaka hiyo, hakuna majivu ya volkano ya kukuokoa.

Mwalimu wetu anasema msitu ndio unaoleta mvua Usambara. Ni kweli?

Mvua huletwa na bahari na kupandishwa na mlima. Miti hurudisha mvuke hewani, mchango huo upo, lakini chanzo ni bahari. Nasema hivi nikiwa mtetezi wa msitu, kwa sababu kaulimbiu ya "panda mti upate mvua" inatuumiza. Mtu anafyeka, masika yanayofuata mvua inanyesha vilevile, naye anahitimisha kwamba alidanganywa.

Kazi ya msitu ni nyingine. Majani na ndevu za mimea midogo zilizoning'inia matawini hukamata ukungu na kuudondosha chini, maji ambayo huyapati kwenye shamba tupu. Kisha udongo wenye majani yaliyooza hunywa mvua ya masika na kuitoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Ukifyeka, maji yale yale hushuka kwa siku chache yakiwa tope, halafu vijito hukauka. Mto Sigi ndio unaolijaza bwawa la Mabayani, na bwawa hilo ndilo linalonywesha jiji la Tanga. Mkazi wa Tanga asiyewahi kuiona Amani anakunywa msitu wa Amani kila siku. Na wanaopanda mikaratusi kwenye chemchemi wakidhani wanahifadhi maji, acheni. Mti huo una kiu kubwa. Kwenye chemchemi achieni miti ya asili.

Iliki hupandwa chini ya miti mikubwa bila kuikata. Ubaya wake uko wapi?

Ubaya uko chini, usikotazama. Ili upande iliki unafyeka miche yote ya msituni. Miti mikubwa inabaki imesimama, lakini haina warithi. Ikizeeka na kuanguka, hakuna wa kushika nafasi. Miaka ikipita mavuno ya iliki hupungua, udongo ule niliousema umechoka, na mkulima analeta migomba na mihogo. Hapo msitu umekwisha, ingawa hakuna aliyepiga shoka siku ya kwanza. Pandeni iliki mashambani kwenu, chini ya miti mliyoipanda wenyewe.

Niende Lushoto mwezi gani?

Januari au Februari ukitaka ukavu. Juni hadi Agosti beba sweta nzito, maana mji uko kwenye mita 1,400 hivi. Masika ukilazimika kwenda, panda kutoka Mombo mchana: barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, na udongo uliolowa hushuka pamoja na mawe yake.