Kompyuta inazima kabla Windows haijafunguka

SWALI: Shikamoo fundi. Nina duka dogo la steshenari hapa Korogwe, nachapa mitihani ya shule za msingi na barua za watu. Kompyuta yangu ni Pentium 4 yenye Windows XP. Nimeing'ang'ania kwa sababu printa yangu ya riboni inatumia ule waya mpana wa pini 25, na kompyuta mpya hazina pa kuuchomeka. Wiki mbili sasa, nikiwasha, alama ya Windows inatokea, vile vipande vya buluu vinapita mara nne au tano, halafu inazima. Haijiwashi upya, inazima kabisa, feni kimya. Nikiwasha tena papo hapo inazima mapema zaidi, hata alama siioni. Asubuhi ndipo inajitahidi kidogo. Tarehe nayo inarudi 2002 kila siku. Fundi wa hapa anasema nipige Windows upya. Mafaili yangu tangu 2009 yamo humo. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usipige Windows, na usiiwashe tena hiyo mashine hadi umalize kusoma.

Umeeleza jambo ambalo wateja wengi hawalisemi: inazima kabisa, haijiwashi upya. Kuzima kabisa na kujiwasha upya ni magonjwa mawili tofauti. Windows XP ikikwama inapoanza, kwa kawaida skrini ya buluu hutokea kufumba na kufumbua, kisha mashine inajiwasha upya. Hapo ndipo unapobonyeza F8 kabla ya alama, unachagua mstari unaozuia kujiwasha upya, unasoma nambari ya kosa. Yako haifiki huko. Umeme wenyewe unakatwa.

Na uliposema ukiwasha papo hapo inazima mapema, na asubuhi inajitahidi, mimi nikasikia joto. Pentium 4 ina ulinzi ndani yake: joto likizidi hupunguza kasi, na likiendelea kupanda mashine hukatwa umeme ili prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, isiungue. Asubuhi imepoa, ina nafasi ya kupanda. Ukiwasha dakika moja baada ya kuzima, inaanzia juu.

Lakini mafaili kwanza. Kila inapozima katikati ya kuwaka inaweza kuharibu faili liitwalo SYSTEM, lililo kwenye folda ya config, na hilo likiharibika XP haiwaki hata mashine ikipona. Itoe hadidiski, kile kisanduku kinachohifadhi mafaili yako, iunganishe na kompyuta ya jirani kwa adapta ya USB inayokubali waya mpana wa hadidiski za zamani, nakili kila kitu. Kazi ya tangu 2009 haifai kukaa mahali pamoja hata siku moja zaidi.

Ukishanakili, rudisha hadidiski na upime bila Windows. Washa ikiwa imepoa, gonga Delete au F2 mfululizo uingie BIOS, programu ya mashine yenyewe inayoamka kabla ya Windows, tafuta ukurasa unaoonyesha joto la prosesa na mizunguko ya feni. Kaa hapo, tazama saa. Kwenye mashine nyingi za aina yako prosesa haipumziki ikiwa humo, kwa hiyo ni kipimo kizuri. Joto likitulia kwenye nyuzi 50 au 60 kwa dakika 20, tutafute kwingine. Likipanda 75, 85, 90 huku unaliangalia, kisha ikazima, basi ugonjwa umeuona kwa macho yako. Ikizima humo kwa sababu yoyote ile, Windows haina hatia, maana bado haijaitwa.

Nasisitiza hili kwa sababu mwaka 2007 nilimpigia mwalimu mmoja Windows mara tatu ndani ya mwezi. Mezani kwangu, mfuniko ukiwa wazi, mashine ilifanya kazi vizuri. Nikifunga na kumrudishia, kesho yake inazima. Feni ya nyuma ilikuwa imekufa na sikuitazama. Mara ya pili nilifuta hadidiski nzima, na alama za wanafunzi wake zikaenda. Pesa nilimrudishia. Alama sikuweza.

Sasa kusafisha. Chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa kasha. Juu ya prosesa kuna feni, chini yake kipande cha alumini chenye mapezi. Vumbi linalokuumiza halionekani kwa juu. Limelala kati ya feni na mapezi kama blanketi, kwa hiyo feni inazunguka lakini hewa haipiti. Fungua feni, lisugue kwa brashi ya rangi iliyo kavu. Ukitumia blowa, zuia mapanga ya feni kwa kidole, yasizungushwe kwa kasi yakaharibika.

Joto likiwa bado liko juu, pesti iliyo kati ya prosesa na alumini imekauka. Hapa nakuomba uwe mpole. Pesti kavu inashika kama gundi, na ukivuta alumini juu kwa nguvu, prosesa inaweza kung'oka nayo na pini zake zikapinda. Washa mashine dakika tatu ipate moto, zima, chomoa, kisha geuza alumini kushoto na kulia kidogo kidogo hadi iachie. Futa kwa spiriti, weka pesti mpya kiasi cha punje ya choroko. Isizidi.

Ukiwa humo, kagua kapasita, yale mapipa madogo yaliyosimama karibu na prosesa. Kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa. Kikivimba au kikitoa uchafu wa kahawia, kapasita hiyo imekufa, na bodi nyingi (ule ubao mkubwa unaobeba prosesa) za kati ya 1999 na 2007 ziliugua hivyo. Fundi redio mzuri anaweza kuzibadilisha. Pawa saplai, lile sanduku linalogawa umeme ndani ya kompyuta, mwachie fundi apime: waya wa njano usome kati ya volti 11.4 na 12.6. Sanduku lake usilifungue wewe, linahifadhi volti zaidi ya 300 hata likiwa limechomolewa.

Tarehe kurudi 2002 ni betri ya bodi, CR2032 ya volti 3. Siyo inayozima mashine yako, lakini ibadilishe. Kwenye mashine zenye hadidiski za SATA (zile za waya mwembamba), betri ikifa BIOS inaweza kusahau mpangilio wa hadidiski, XP ikakataa kuwaka kwa kosa 0x0000007B, na mtu akapigiwa Windows bure.

Kuhusu XP yenyewe, sikulazimishi uiache. Microsoft iliacha kuitengenezea viraka vya kawaida vya usalama tarehe 8 Aprili 2014, kwa hiyo usiiunganishe na intaneti kabisa, na flashi za wateja zikaguliwe kwenye kompyuta nyingine kwanza. Ikibaki ya kuchapa tu na ile printa, itakufaa.

Niandikie joto lilisoma ngapi kabla haijazima, na vichwa vya kapasita vikoje.