Modeli za magari za kuunga: ukiwa Kigoma, anza na gari linalokupita barabarani

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama mtu aliyeko Kigoma anaweza kweli kujenga modeli za magari za kuunga, zile za vipande vya plastiki, kama wanavyofanya Wajapani, na kama uanze na Skyline R34, gari la kasi la Nissan, iliyotolewa na kampuni ya modeli ya Tamiya, au ununue tu zile za chuma zilizokwisha kamilika. Nitakujibu kwa urefu, maana mambo haya nayapenda na nimeyafanya hapa hapa Mwanga, Kigoma, kwa miaka.

Inawezekana. Na hiyo Skyline iache kwanza. Anza na Hiace.

Najua Hiace haina mvuto wa Skyline, ila nisikilize. Kazi kubwa ya modeli ni kutazama. Boksi linakupa vipande na karatasi ya maelekezo, basi. Halikuambii mpira wa mlango ulioliwa na jua una rangi gani, wala bampa nyeusi inapauka kuanzia wapi, wala vumbi linapenda kukaa sehemu gani. Hayo unayapata kwa kulisogelea gari. R34 utaijenga kwa picha za mtandaoni, na kila ukikwama utarudi kwenye picha ileile ya gari lililong'arishwa kwa ajili ya maonyesho. Hiace unatoka nyumbani, unafika stendi, unachuchumaa pale nyuma unatazama. Dereva atakuuliza unatafuta nini. Mweleze. Mimi nilipomweleza mmoja aliniinulia kiti cha mbele nione injini ilivyolala chini yake, akanionyesha na mabomba ambayo kwenye modeli hayapo kabisa.

Aoshima, kampuni ya Shizuoka, wana Hiace hii ya toleo la 200 kwa kipimo cha 1:24, yaani kila milimita moja ya modeli ni milimita 24 za gari halisi. Gari lenyewe lina urefu wa milimita 4,695, kwa hiyo modeli inakuja kama sentimita 19 na nusu, na upana wa sentimita 7. Abiria wa kimo cha kawaida atakuwa na sentimita 7 hivi akisimama kando yake. Hao hao wana Probox. Ukitaka gari la porini, Tamiya walitoa Land Cruiser 80. Na kuna faida moja ambayo watu hawaisemi: Japani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo modeli zao za magari ya kwao zina usukani kulia, na mlango wa kuburuza wa Hiace uko upande uleule anaoning'inia konda wetu. Za Marekani na Ulaya nyingi zina usukani kushoto, na kuuhamisha ni kazi ya kukata dashibodi nzima.

Mtu akikwambia kuunga vipande si mambo ya huku, mkumbushe meli ya Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa yote, ikapakiwa kwenye makasha kama 5,000, ikaletwa kwa meli hadi Dar na kwa reli hadi hapa, ikaungwa upya na kuingizwa ziwani 1915. Na watoto wa Ujiji wanaotengeneza malori ya mbao na makopo yenye matairi ya ndala wanaweka hadi vizuia matope. Wale wanatazama vizuri kuliko watu wazima wengi.

Sasa kununua. Boksi la 1:24 huko Japani mara nyingi ni kati ya yen 2,500 na 5,000, halafu usafirishaji unaweza kukaribia bei ya boksi lenyewe. Ukiwa na ndugu au mfanyabiashara anayekuja toka Dar, mwagizie kupitia huko, kisha lipande treni au basi. Agiza boksi tu. Rangi za makopo ya kupuliza na gundi za majimaji zinazoshika moto usiziagize, kwa sababu kwa ndege hazipiti kirahisi, zinahesabiwa mizigo ya hatari. Na huna haja nazo.

Gundi kwanza, maana hapo ndipo wengi wanapotea. Plastiki ya modeli hizi ni polistirini, na gundi yake ya kweli haigandishi, inayeyusha: kingo mbili zinalainika, zinaingiana, zinakuwa kitu kimoja. Thina ya NC wanayotumia mafundi rangi wa magari inafanya kazi hiyohiyo. Bana vipande viwili pamoja, gusa mstari wa maungio na brashi nyembamba yenye tone dogo la thina, litakimbia lenyewe ndani ya ufa. Tone dogo, narudia, kwa sababu likizidi linakula na uso wa nje. Dirisha liwe wazi, na jiko au kibatari visiwe chumbani humo. Supa glu itumie mahali plastiki inapokutana na chuma au mpira, ila usiisogeze kwenye vioo. Mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye plastiki ang'avu, na ukungu huo hautoki kwa kufuta. Vioo vishike kwa gundi nyeupe ya maseremala. Inakauka ikiwa haionekani, na ikimwagika unaifuta kwa maji.

Vipande vinakuja vimeshikwa kwenye fremu. Usivivunje kwa mkono. Kikata kucha kinatosha: kata mbali kidogo na kipande, kisha malizia kwa wembe na msasa. Zile fremu zinazobaki usitupe hata moja. Shika kipande cha fremu juu ya mshumaa, kisiguse moto, kizungushe polepole mpaka katikati pang'ae na kuanza kulegea. Kitoe motoni, hesabu moja, vuta mikono kwa mwendo mmoja. Utapata uzi wa plastiki mwembamba kama unywele, ulionyooka, na ukipoa unabaki hivyo. Ndiyo antena ya redio hiyo. Ukivuta polepole unakuwa mnene, huo ni bomba la breki. Vipande vingine vya fremu vikate vidogo, vitie kwenye kichupa cha thina, kesho yake una uji wa plastiki wa kuziba mashimo, na ukikauka unapigwa msasa sawasawa na bodi yenyewe.

Viti vya abiria vya daladala havimo kwenye boksi, maana ile ni Hiace ya mizigo na familia. Nenda kwa mafundi wa mabango uombe mabaki ya ubao mweupe wa plastiki. Unakatika kwa wembe kirahisi, ila huo haushikwi na thina, tumia supa glu. Pima kiti halisi kwa futi kamba, gawanya kwa 24. Vitambaa vya viti nimevitengeneza kwa karatasi laini iliyolowekwa gundi nyeupe na maji, ikibandikwa inakunjamana yenyewe kama turubai la kiti lililochoka.

Rangi ndiyo nataka nikae nayo zaidi. Kigoma ina mafundi rangi wa magari wazuri, na wao ni walimu bora kuliko video. Kwenda gereji kununua masalio ya rangi nyeupe ni bei ndogo sana, na fundi anaweza kukupulizia bodi ya modeli pamoja na mlango wa gari anaoupaka siku hiyo. Ila mwambie mambo mawili. Kwanza, rangi ya magari ni kali kwa polistirini. Ikija mbichi na nzito, plastiki inapasukapasuka juu kama udongo wa bwawa lililokauka. Dawa yake ni praima, yaani rangi ya msingi, ya kupuliza kwa mbali, vumbivumbi, safu ya kwanza ikauke ndipo ije ya pili, na kujaribu kwanza upande wa ndani wa paa. Pili, unene. Rangi ya nusu milimita kwenye gari halisi huioni, lakini kwenye 1:24 ni sawa na sentimita 1.2, na mistari yote ya milango inazibika. Kwa hiyo chora mistari hiyo upya kwa ncha ya wembe kabla ya rangi, izame kidogo. Na kabla ya yote hayo osha bodi kwa mswaki na sabuni ya vyombo, kwa sababu plastiki hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu.

Kama unapuliza mwenyewe, chagua asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaanza. Mwagia sakafu maji kidogo ili vumbi lilale. Wakati wa masika rangi hupauka na kuwa na maziwamaziwa, unyevu wa hewani umeingia. Acha siku hiyo, fanya kazi ya ndani. Rangi ikishakauka vizuri kabisa, msasa wa maji namba 2000, halafu rabingi, ile dawa ya kung'arishia rangi, kwa kitambaa cha fulana. Ukifuta kwa haraka kwenye kingo utafika kwenye plastiki, kwa hiyo kingo zifunike kwa tepu ya karatasi mpaka mwisho. Ukipaka klia, ile rangi ang'avu ya juu, yenye hadna ya kuigandisha, vaa barakoa ya mafundi, ile yenye vichujio. Ya kitambaa haikukingi.

Kwa maandishi ya ubavuni, Mwanga–Ujiji na yale maneno ya kioo cha nyuma, nenda steshenari wakuchapie kwenye stika ang'avu. Sisitiza printa ya leza. Wino wa printa ya maji utatiririka ukipaka klia juu yake.

Halafu vumbi. Hapa ndipo modeli ya Kigoma inapozishinda zote. Vumbi jekundu lipo mlangoni kwako, bure. Lichukue kavu, lisage kwa mgongo wa kijiko, lichekeche kwenye soksi ya nailoni mara mbili mpaka liwe kama poda ya mtoto. Vumbi la kawaida halijasagika vya kutosha, chembe moja ya mchanga kwenye kipimo hiki ni jiwe. Kisha kabla ya kulipaka, rudi stendi ukatazame gari lililotoka safari ya vijijini. Vumbi halijai sawasawa. Mlango wa nyuma ndio mchafu kuliko yote, kwa sababu gari lenye mgongo wima huvuta hewa nyuma yake, na hewa hiyo inarudisha vumbi la matairi kwenye kioo. Kioo cha mbele kina nusu duara mbili safi za waipa. Juu ya matairi kuna tope lililorushwa kwa mshazari kuelekea nyuma. Na tazama mlango wa kuburuza: kuzunguka kitasa, na kwenye ukingo wa juu pale konda anaposhika akining'inia, hakuna vumbi kabisa, rangi imeng'aa kwa jasho la mkono. Sehemu hiyo ndogo, ukubwa wa punje ya mchele kwenye modeli, ndiyo inayofanya mtu aishike Hiace yako na kusema hii naijua.

Probox nayo ina siri yake. Ile inayotoka Kibirizi na magunia ya dagaa imekaa chini nyuma na kunyanyua pua. Kwenye modeli shusha bodi juu ya ekseli ya nyuma milimita moja na nusu tu, inatosha, hiyo tayari ni zaidi ya sentimita tatu za gari halisi.

Kuhusu za chuma zilizokamilika, sizidharau. Tomica wa Japani, na Hot Wheels wa Mattel ambayo ilianza 1968, ni mikusanyo mizuri, na ukitaka kufurahia umbo la magari mengi kwa fedha kidogo na nafasi ndogo, nunua hizo. Lakini wewe umeuliza kujenga. Ukikusanya maboksi ambayo hujayafungua, nayo yanahitaji matunzo: toa matairi kwenye boksi uyafunge kwenye mfuko wake peke yake, kwa sababu mpira laini ukilala juu ya kioo au rimu miaka mingi unaiyeyusha na kuacha alama. Stika za maji zitie kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Zikishageuka njano, zibandike dirishani ndani ya mfuko wake siku kadhaa, jua litazipausha.

Ukimaliza Hiace, ndipo tuongee habari za gari la pili, na hata hapo nisingekupeleka kwenye Skyline. Hasegawa, kampuni nyingine ya modeli ya Japani, wametoa kwa 1:24 Datsun 1600 SSS iliyoshinda Safari Rally 1970 na Datsun 240Z iliyoshinda 1971, zote zikiendeshwa na Edgar Herrmann. Mashindano hayo yalianza 1953, na mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 yalikuwa yakipita Kenya, Uganda na kwetu, baadaye ndipo yakabaki Kenya peke yake. Wazee wanaoyakumbuka wapo, waulize magari yalifika yakiwaje. Vumbi unalo, na utakuwa umeshajua linakaa wapi.