Tope la Jumamosi linaenda wapi?

Swali la wiki hii limeuliza eti vikundi vya kujitolea mtaani, vile vya kuzibua mitaro, kupanda miti na kukarabati nyumba za wasiojiweza, vinasaidia kweli au vinaifanyia serikali kazi yake bure. Mi nipo Dar, uswahilini kabisa, na kikundi cha mtaa wetu nimo, kwa hiyo najibu kama mshika chepe. Vinasaidia, ila vingi vinaishia Jumamosi saa sita mchana, na shida yenyewe inaanza saa saba.

Chukua mtaro tu. Mjumbe anapita asubuhi kugonga milango, vijana wa kijiwe cha bodaboda wanaingia mtaroni na sululu, akina mama wanazoa chupa kwenye viroba, kuna wa kuleta ndoo ya maji ya kunywa na kuna yule ambaye yeye kazi yake ni kupiga picha za kurusha kwenye grupu (kila mtaa anaye, msibishe). Mtaro unazibuka mpaka zege la chini linaonekana, watu wanapongezana. Sasa lile tope, mchanga, pampasi, mifuko, vifuu, vinaenda wapi? Vinarundikwa pembeni ya mtaro vikauke maana tumeambiwa gari litapita Jumatatu, Jumatatu inapita, Alhamisi inapita, inashuka mvua moja tu ya maana na mzigo wote unarudi ulikotoka, mwezi unaofuata tunachimba tope lile lile. Kuna ndala moja ya bluu huko chini mi nayo tunafahamiana kabisa.

Na hili si la mtaa wetu peke yake. Mnakumbuka Magufuli alivyofuta sherehe za Uhuru, 9 Desemba 2015, akasema watu wafanye usafi, na mwenyewe akaonekana anazoa taka kule karibu na Ikulu, halafu ikaja ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi nchi nzima. Wazo zuri sana, silipingi. Lakini angalia vifaa vinavyogawiwa siku hiyo, ni reki, ufagio na glavu, yaani kila kitu cha kukusanya na hakuna cha kubebea. Kukusanya watu wa kujitolea tunaweza, kubeba hatuwezi, mtaro una tope tani na tani na jalala liko huko Pugu Kinyamwezi, utalipeleka kwa toroli?

Ndo maana huwa nawakumbusha wenzangu habari ya Hananasif, pale Kinondoni, miaka ya 1990. Mitaro na barabara za mtaani zilijengwa na wakazi wenyewe kwa mikono, Shirika la Kazi Duniani likiwepo kwenye ule mradi, na walioshika sululu walilipwa. Wapo watakaosema basi hapo si kujitolea tena. Sawa, lakini mtu anayeshinda juani kutwa nzima na nyumbani hajaacha hela ya mboga utamwona wiki ya kwanza, ya pili anatuma salamu. Vikao, michango, kulinda kitu kisiharibiwe, hiyo ndo ya kujitolea, ile kazi nzito ya kutwa ilipwe hata kama ni kidogo. Na wale vijana wa Ramani Huria walioanza 2015, wanafunzi wa vyuo pamoja na watu wa mitaa yenyewe, walipita kwenye kata zinazofurika wakichora nyumba, vichochoro na mitaro, nao walinifurahisha kwa sababu hawakushika hata chepe, walionyesha tu maji yanatoka wapi na yanakwama wapi. Unaweza kuzibua mtaro wako ukang'aa kumbe karavati la mtaa wa chini limeziba, hapo umewatumia jirani zako mafuriko na risiti juu.

Kwenye nyumba nako kuna lake. Kwa bibi mwenye nyumba yake hakuna maneno, unabadilisha mabati yaliyooza, unagongea kenchi mpya, unainua kizingiti kwa matofali ili maji yasiingie ndani, faida yote inabaki kwa bibi. Shida ni wapangaji, na huku wengi wetu ndo sisi. Kuna nyumba aliyopanga mama mmoja na watoto wake, tulichanga tukajenga choo, tukapiga lipu ukuta uliokuwa unabomoka na kupaka chokaa, mwenye nyumba alikuja akatabasamu, akatushukuru sana vijana wangu Mungu awabariki, kodi ilipofika mwisho akapandisha, tena anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Yule mama tuliyemsaidia akahama na watoto. Choo kizuri kipo, wanakitumia wengine. Toka siku hiyo hatugusi nyumba ya kupanga mpaka mwenye nyumba aandikishane na mpangaji mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwamba kodi haipandi kwa muda fulani, wapo wanaokataa na tunawaacha na nyumba zao.

Sasa kuhusu serikali kufanyiwa kazi yake. Karavati la barabara kubwa si letu, kingo za mto si zetu, na anayetuita wazalendo ili tukalichimbe huyo anatukwepa tu. Mtaro wa mbele ya mlango wangu ni wangu na sihitaji waziri aje kunizibulia. Diwani akituuliza tunataka nini, mi simwombi fulana wala reki, za mwaka jana zipo. Atupe kirikuu moja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa saba mchana, na dereva anayejua anakwenda kumwaga wapi.